Pete ya uchumba: umbo gani la almasi linafaa mkono wa fundi cherehani?

CherehaniBombo (Jumapili, saa 3:10 usiku)

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naomba msaada wa mtu aliyezishika almasi kwa mkono wake, maana ya kusoma nimeshasoma mpaka kichwa kinauma.

Mimi ni mshonaji, niko Bombo. Nashona gomesi, kanzu na nguo za maharusi, huu ni mwaka wa 11. Mchumba wangu anaendesha lori la mizigo kwenda Juba, na amesema safari hii akirudi tutakwenda mjini kuchukua pete kabla wazee wake hawajaja nyumbani kwetu. Ametenga shilingi milioni 4. Kwetu sisi hizo ni pesa nyingi. Ni safari ngapi za barabara ile najua mimi, ninayelala na simu kifuani mpaka anipigie kuniambia amevuka mpaka wa Elegu salama. Kwa hiyo sitaki kukosea hata kidogo.

Wiki iliyopita nilitangulia peke yangu Kampala nikapita maduka matatu. La kwanza, kijana aliniwekea sinia la mahameli lenye pete kama 20, akaanza kuzitaja: duara, prinsesi, kushoni, markizi, tone, zumaridi. Nikawa naitikia tu. La pili wakaniambia nichukue markizi, ile iliyochongoka huku na huku kama mtumbwi, kwa sababu inaonekana kubwa kwa pesa kidogo. La tatu, mama mmoja mtu mzima akanikataza kabisa markizi. Akasema almasi ni duara, hayo mengine ni mitindo ya kupita.

Kilichonikwaza zaidi kilikuwa kwenye duka hilohilo la tatu. Duara ya nusu karati na prinsesi, ile ya mraba, ya nusu karati ziko kwenye sinia moja, dhahabu ileile, lakini duara ina bei ya juu zaidi. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Ndivyo zilivyo." Jibu hilo halikunikaa. Mteja wangu akiniuliza kwa nini gomesi hii ni ghali kuliko ile, nitamtandikia kitambaa mezani nimwonyeshe: mita zimeingia ngapi, mkanda ni wa aina gani, mikono imechukua saa ngapi. Kila bei ina mahali inapotoka.

Mambo yangu ni haya. Vidole vyangu ni vifupi na vimenenepa kwenye viungo, pete nyingi za duara nilizojaribu zilivifanya vionekane vifupi zaidi. Halafu kazi yangu ni satini, hariri na lesi kutwa nzima. Chochote chenye ncha kinanasa uzi. Nina mwenzangu hapa dukani mwenye pete ya kito cha bandia chenye kucha ndefu, vile vimeno vya chuma vinavyoshika kito, na ameshaharibu nguo za watu mara nne. Pete ya uchumba sitaki iwe ya kuivua kila asubuhi naiweka kwenye kopo la vifungo. Nataka ikae mkononi nikiwa nafanya kazi, maana huyo aliyeinunua atakuwa barabarani, na mimi nitakuwa kwenye cherehani, na hapo ndipo nitakapoihitaji.

Na jambo la mwisho, yule kijana wa kwanza alisema pete moja ni "karati 18", na kito chake kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi. Sasa karati ni nini hasa?

Natanguliza shukrani.

---

SonaraWaJinja (Jumapili, saa 4:45 usiku)

Wa alaykum salaam, binti yangu. Mimi nimekaa kwenye meza ya usonara miaka 30, mwanzo Jinja, baadaye Kampala. Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kihindi, mmoja wa wale waliofukuzwa mwaka 1972 kisha akarudi. Mengi nitakayokuambia ni yake.

Karati kwanza. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili, na hapo wengi hupotea hata bila muuzaji kuwa na nia mbaya. Karati ya dhahabu ni usafi: dhahabu tupu ni karati 24, kwa hiyo karati 18 maana yake sehemu 18 ni dhahabu na 6 ni madini mengine ya kuikaza. Karati ya almasi ni uzito, na moja ni gramu 0.2. Almasi tano za karati moja moja ndizo zinafika gramu moja. Kijana alikutajia dhahabu, wewe ukasikia kito. Siku nyingine mwambie mtu akutajie vyote viwili, kimoja kimoja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Umbo ni sura ya almasi ukiitazama kutoka juu: duara, mraba, yai, tone. Mkato ni ubora wa kazi: pembe zimekaaje, kina kimezidi au kimepungua, pande zimelingana au la. Wewe hili unalijua kuliko mimi. Gomesi mbili za mtindo mmoja, moja imekatwa na anayejua, mabega yanasimama. Nyingine inavuta kwapani. Mtindo haujakosea, aliyekata ndiye aliyekosea. Almasi iliyokatwa vibaya mwanga hutorokea chini au ubavuni, nayo hubaki imepooza kama kipande cha kioo, hata ikiwa ya umbo zuri na isiyo na doa.

Duara ina faida hapa. Hesabu ya pembe zake iliandikwa mwaka 1919 na Marcel Tolkowsky, mtu wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp, na mpaka leo duara ya kisasa ina nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini nayo imesawazishwa. Kwa kuwa hesabu inajulikana, maabara ya GIA ya Marekani tangu 2006 huandika daraja la mkato kwenye cheti cha duara. Kwa maumbo mengine hesabu si moja, kwa hiyo cheti kitakupa uzito, rangi, usafi na vipimo, ila uzuri wa mkato utauamua kwa macho yako.

Na bei? Chukua kitambaa cha mraba, kata duara kubwa kadiri inavyowezekana, halafu angalia kilichobaki sakafuni. Almasi nyingi nzuri hutoka ardhini zikiwa kama piramidi mbili zilizoshikana kitako kwa kitako. Mkataji akipasua katikati anaweza kupata prinsesi mbili na kupoteza kidogo, kwa sababu kitako cha piramidi tayari ni mraba. Akitaka duara, nusu ya jiwe au zaidi inakuwa vumbi. Ongeza kwamba duara ndiyo inayotafutwa na watu wengi kuliko zote. Hapo ndipo bei ile ilipotoka, na yule mama angeweza kukuambia.

Sasa mkono wako. Waliokutajia markizi hawakusema uongo. Markizi ya karati moja huwa na urefu wa kama milimita 10 kwa upana wa 5, wakati duara ya uzito huohuo ina milimita 6.5 hivi, na prinsesi 5.5 tu kwa sababu uzito wake mwingi umejificha chini. Markizi hutandaza uzito juu, na hurefusha kidole kweli. Lakini ina ncha mbili kali, na mshonaji wa satini kuvaa ncha mbili kutwa nzima, hapana.

Prinsesi ina ncha nne. Watu huniambia, "Fundi, almasi si ndiyo ngumu kuliko vyote?" Ndiyo, hakuna utakachokutana nacho kitakachoikwaruza isipokuwa almasi nyingine. Lakini kukataa kukwaruzwa ni jambo moja, kukataa kupasuka ni jambo jingine. Almasi ina njia zake nne za kupasukia, kama ubao unavyopasuka kufuata mkondo wake, na ikigongwa vibaya kwenye kona nyembamba, inaacha kipande. Ukiipenda prinsesi, kila kona ifunikwe kwa kucha iliyopinda kama mdomo wa ndege.

Zumaridi, yaani ule mstatili wenye ngazi na kona zilizokatwa, mimi binafsi ndiyo naipenda kuliko zote. Haimeremeti kwa vumbi la nyota, inawaka kwa vipande virefu, kama maji ya ziwa jioni. Ila ni umbo lisilosetiri. Doa ambalo duara ingelificha ndani ya vimetameta vyake, zumaridi italitandika mezani ulione. Kwa hiyo utalipia usafi wa juu. Kwa bajeti yenu sioni sababu. Kushoni ni mraba wenye kona laini, haina ubaya. Tone lina ncha moja. Moyo usichukue chini ya nusu karati, ule mpasuko wa juu hauonekani, kinabaki kidude tu.

Mimi ningekuambia yai. Haina kona hata moja, inarefusha kidole karibu kama markizi, na mng'ao wake ni jamaa wa ule wa duara. Yai ya karati moja huwa kama milimita 7.7 kwa 5.7, kwa hiyo hata ikiwa ndogo inajaza kidole. Gawanya urefu kwa upana: ukipata kati ya 1.35 na 1.5 ni yai lililokaa vizuri. Chini ya hapo linaanza kufanana na duara lililokosewa.

Yai lina ugonjwa mmoja, na markizi na tone wanao pia: kivuli katikati, chenye sura ya tai ya kipepeo ile wanayovaa mabwana harusi. Kidogo kipo karibu kwenye kila yai. Kikiwa cheusi kila unavyoigeuza, liache. Na usilitazame chini ya taa za duka! Taa zile za darini zimewekwa ili hata kioo king'are. Omba kusogea mlangoni, simama kivulini, iegemeze pete kwenye kidole, uichezeshe taratibu mkono ukiwa umbali wa kusomea simu. Hapo itasema ukweli.

La mwisho, namna ya kushika kito ina uzito sawa na umbo. Wewe usichukue kucha. Omba kito kizungushiwe ukingo mzima wa dhahabu, kikae chini karibu na kidole. Utapoteza kidogo ukubwa wa kuonekana kwa sababu ukingo unakula pembeni, na uchafu utajificha nyuma yake, kwa hiyo kila wiki maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini. Lakini uzi hautapata pa kunasa.

---

NesiMbale (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)

Dada, nimetoka zamu ya usiku nikasema siwezi kulala kabla sijakuandikia.

Pete yangu ilikuwa prinsesi, kona nne, kila kona kucha moja nyembamba ya duara. Nilipoinunua hakuna aliyenitajia habari ya kona. Mwaka wa pili nikiwa namgeuza mgonjwa mkono uligonga chuma cha kitanda. Sikusikia chochote. Jioni nikiosha mikono nikaona kona moja mwanga wake umebadilika, nikapitisha ukucha, ukakwama. Kipande kimekwenda. Nilirudi nilikonunua wakaniambia almasi haipasuki, kwa hiyo lazima ilikuwa imepasuka nikaileta mwenyewe. Maneno hayo hata leo siyaelewi.

Nililia, sifichi. Mume wangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili.

Sonara mwingine ndiye aliyeniokoa. Aligeuza kito kidogo ile kona mbovu ikaingia chini ya ukingo, akakizungushia dhahabu pande zote kama alivyoeleza mzee hapo juu. Sasa ni mwaka wa 6. Glavu hazichaniki tena, maana zile kucha zilikuwa zikitoboa glavu mbili tatu kila zamu, na kwa kazi yetu hilo si la uzuri wa pete tena, ni hatari.

Jambo ambalo mzee hakulitaja: jaribu pete mchana, baada ya kutembea juani. Mimi nilipimwa asubuhi ya mvua. Vidole vya Kampala saa 8 mchana si vidole vya asubuhi, na wewe umesema viungo vyako ni vinene, kwa hiyo ipite kwenye kiungo kwa kusukuma kidogo lakini isizunguke ikishafika. Pete ya yai ikizunguka, urefu wote unalala upande na haina maana tena.

---

MsukumaWaGgaba (Jumatatu, saa 6:05 mchana)

Habari za kazi. Mimi ni mtu wa Shinyanga, ziwa ndilo lililonileta huku, nauza mukene, dagaa kwa lugha ya kwetu. Nimeona almasi inazungumzwa nikasema nami nina haki, maana Mwadui ni kwetu.

Mgodi ule ulianza mwaka 1940 baada ya John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, kuitafuta almasi kwa miaka na kuipata. Mwaka 1947 likatoka pale jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson akampa Elizabeth, aliyekuwa binti mfalme wa Uingereza na anaolewa mwaka huohuo. Wakalikata duara. Unajua ilibaki karati ngapi? 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda! Fundi wa Jinja anasema kweli tupu. Baadaye likawekwa katikati ya ua la almasi nyeupe, pambo la kifuani.

Lakini ninachotaka kusema ni hiki. Walikuwa na jiwe la ajabu namna ile mkononi, wangeweza kulifanya yai au tone na kubakiza uzito mwingi, wakachagua duara. Kwa nini? Kwa sababu ya mwanga. Mimi ningekuwa mchumba wako ningekununulia duara ndogo inayowaka, badala ya kubwa yenye kivuli katikati. Kidole kifupi si kosa la kurekebishwa kwa pete, dada. Huyo bwana amekiona na amekipenda kilivyo.

---

Okello_Gulu (Jumatatu, saa 2:30 usiku)

Kwa milioni 4 angalia pia almasi za maabara. Si bandia. Ni kaboni ileile, fuwele ileile, tofauti imetengenezwa kwenye mashine kwa joto na mgandamizo au kwa gesi. Bei zake zimeshuka sana miaka hii, unaweza kupata yai la karati nzima na chenji ikabaki.

Ila kuwa macho na mosanaiti, kito kingine kinachofanana na almasi. Rafiki yangu aliuziwa mtaani kwa jina la almasi. Muuzaji alikuwa na kalamu ya kupima, ikalia "almasi" mbele ya macho yake. Kalamu ile hupima joto tu, na mosanaiti hupitisha joto vizuri vilevile, kwa hiyo inaidanganya. Alikuja kujua miezi baadaye.

---

SonaraWaJinja (Jumatatu, saa 3:50 usiku)

Okello umesema vyema. Kuna kalamu inayopima umeme pamoja na joto, hiyo hutenganisha. Na kwa jicho: chukua lenzi inayokuza mara 10, tazama kwa kuinamisha kidogo, si moja kwa moja kutoka juu. Mosanaiti hugawa mwanga mara mbili, mistari ya chini utaiona miwili miwili, kama mtu aliyechoka macho. Almasi mistari yake ni mmoja mmoja, ya ardhini na ya maabara pia. Ya ardhini na ya maabara hakuna jicho la mtu litakalozitenganisha dukani, ndiyo maana cheti ni lazima. Namba ya cheti mara nyingi huandikwa kwa miale kwenye kiuno cha almasi, yaani ile sehemu pana inayoizunguka pembeni, herufi ndogo mno, zinasomeka kwa lenzi tu.

Ndugu yangu wa Ggaba, nakubali duara haina mpinzani kwa mwanga. Lile jiwe la Mwadui lilistahili. Ila mkataji haanzi na anachokipenda, anaanza na jiwe linavyomruhusu. Angalia Cullinan, jiwe kubwa lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, karati 3,106. Joseph Asscher wa Amsterdam alipolipasua mwaka 1908, vipande vikubwa 9 vilivyotoka havikufanana. Kikubwa kuliko vyote kikawa tone la karati 530, cha pili kushoni, kingine moyo, kingine markizi. Kila kipande kilipewa umbo la kukistahi. Na kwenye pete ni hivyohivyo, kuna jiwe na kuna mkono, vyote viwili vina haki ya kusikilizwa. Mkono huu unashona satini. Duara ya chini yenye ukingo nayo ingefaa, sikatai. Binti, jaribu zote mbili mchana kama alivyosema nesi, usitusikilize sisi tu.

---

CherehaniBombo (Jumatatu ya wiki iliyofuata, saa 4:00 usiku)

Nimerudi. Mzee wangu wa Jinja, dada wa Mbale, kaka zangu wa Ggaba na Gulu, nimewasoma nyote mara tatu tatu, na mchumba wangu nikamsomea kwa simu akiwa amelala foleni mpakani. Alirudi Ijumaa. Jumamosi tulikwenda.

Tulifika saa 7 mchana kwa makusudi, tukashuka kwenye matatu tukatembea juani kwanza. Kwenye mkoba nilikuwa na mabaki matatu ya kitambaa: satini, hariri na lesi. Kila pete waliyonipa niliivaa, nikapitisha kitambaa juu yake kwenda na kurudi, kama ninavyopitisha mkono chini ya sindano. Muuzaji wa kwanza hakufurahi. Wa pili alikuja mwenyewe kushika upande wa pili wa kitambaa ili tuone vizuri.

Markizi ilinasa lesi mara ya kwanza tu. Prinsesi ya kucha nayo. Zumaridi nilielewa kwa nini mzee anaipenda, niliitazama muda mrefu nikaona kama dirisha ndani ya dirisha, na nikaona pia doa dogo jeusi pembeni, bila lenzi. Nikairudisha kwa heshima.

Tukabaki na duara na yai. Duara, kaka wa Ggaba, iliwaka kweli, na ulivyosema kuhusu kidole nilimsomea mchumba wangu palepale akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo bwana amesema sawa." Kwa hiyo sikuchagua kwa aibu ya vidole. Nilizipeleka zote mbili mlangoni, kivulini. Yai la kwanza lilikuwa na tai nyeusi hasa, kila nilivyogeuza ipo. La pili nalo. La tatu kivuli kilikuja kikaondoka, kinapepea tu mkono ukicheza. Nikapima kwa rula ya chuma ya muuzaji: milimita 5.6 kwa 4.1. Nikagawanya, 1.37. Uzito karati 0.38. Ni ya ardhini. Ya maabara tuliziona, nzuri na kubwa, na Okello hukukosea hata kidogo, lakini mchumba wangu alisema, "Mimi nabeba mizigo iliyotoka mbali, nataka na hii iwe imetoka mbali." Sikubishana naye.

Dhahabu ni karati 18, na sasa najua nilichoambiwa. Ukingo mzima, kito kimekaa chini. Tulilipa arabuni, nyingine tukamalizia leo jioni.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kufunga ukingo, na nikakumbuka mzee alisema namba iko kwenye kiuno. Ukingo ukishafungwa kiuno kinafichika. Nikamwomba sonara asubiri. Akatukabidhi lenzi na koleo ndogo, akatuonyesha namna ya kushika. Mimi nimezoea kutunga uzi kwenye sindano namba 9, nikaiona haraka. Yeye macho yake yamezoea barabara, ilimchukua muda. Alishikilia pumzi. Kisha akaanza kunisomea namba moja baada ya nyingine, nami nikafuata kwa kidole kwenye cheti, mpaka ya mwisho. Sonara ndipo akachukua nyundo yake.